Nitamjuaje muuzaji mwaminifu wa Subaru STI za Japani kabla sijatoa hela?

Gia_Sita

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada wa wenye kuyajua magari ya mwendo yanayotoka Japani.

Kuna muuzaji hapa Dar ana yadi na pia anachukua oda. Amenipa njia mbili. Ya kwanza ni gari lililopo yadini: Subaru Impreza WRX STI ya mlango wa nyuma wa kunyanyua, GRB ya 2009, gia sita za mkono, kilomita 74,000, daraja la mnada 4, hali ya ndani B. Anasema halijagongwa wala kuguswa injini. Ya pili ni oda ya sedani, GVB, ambayo anataka nitangulize asilimia 60, na akaunti aliyonipa ina jina la mtu. Anadai ya kampuni inafanyiwa marekebisho benki.

Karatasi ya mnada ya GRB amenitumia kwa WhatsApp, lakini inaonekana nusu ya chini tu, ile yenye mchoro wa gari. Nilipoomba fundi wangu apime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) akajibu kwamba kufungua plagi kunavuruga injini ya Subaru, ila naruhusiwa kuliendesha kuzunguka mtaa. Bei yake ni ya chini kwa milioni sita kuliko yadi nyingine mbili nilizouliza.

Kwenye Instagram ana wafuasi wengi na picha za wateja wakikabidhiwa funguo. Nisichokijua ni kipi cha kumpimia. Mnaanzia wapi?

---

MtazamaMnada

Mkuu, picha za funguo ziweke pembeni. Anza na hiyo karatasi.

Sehemu ya juu aliyoikata ndiyo yenye jina la mnada (USS, TAA, JU, CAA, ARAI na wengineo), namba ya loti, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, kodi ya modeli (herufi za kuitambulisha, kama GRB), ujazo wa injini, aina ya gia, kilomita, na daraja kwenye kona. Nusu ya chini peke yake inaweza kuwa ya gari lolote la umbo hilo. Mwombe karatasi nzima, faili halisi, isiyopigwa picha juu ya skrini ya simu nyingine. Akisema mnada hauruhusu, muulize yeye aliipataje.

Ukiipata, isome hivi. Mwaka umeandikwa kwa kipindi cha mfalme wao: ukiwa wa Heisei ongeza 1988, wa Reiwa ongeza 2018. Kwa hiyo GRB ya 2009 itasomeka Heisei 21. Gia sita za mkono huandikwa F6. Ukiona FAT hapo, hiyo ni otomatiki na mazungumzo yameisha.

Daraja 4 maana yake gari ni zuri kwa umri wake, lina kasoro ndogo za bodi. 3.5 ina makovu zaidi. R na RA ni gari lililotengenezwa fremu baada ya ajali, RA ikiwa ya uharibifu mdogo. Daraja 1 huwachanganya wengi: USS huliweka kwa gari lililobadilishwa sana, kwa mfano lililowekewa turbo isiyo ya kiwandani au kuhamishwa kutoka otomatiki kwenda gia za mkono, na pia kwa gari lililofurikiwa na maji. Kwenye magari ya aina hii 1 si ajabu kuiona, ila lazima ujue ni ipi kati ya hizo.

Sasa "halijagongwa". Wajapani wanahesabu historia ya ajali pale tu muundo wa gari ulipoguswa: fremu za mbele, mashavu ya ndani ya injini, nguzo, sakafu, paa, kiunzi cha rejeta. Boneti na fenda za mbele hufungwa kwa bolti, kwa hiyo zikibadilishwa zote gari bado linaweza kupata 4 halali kabisa. Tazama mchoro: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, B ni bonyeo lenye mkwaruzo, W ni mawimbi ya kazi ya rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata inaonyesha ukubwa, 1 hadi 3. Ukikuta XX kwenye boneti, XX kwenye fenda na W2 upande huohuo, lilipiga kitu kwa mbele. Muuzaji mkweli atakwambia hivyo kabla hujauliza na bei itakuwa imelizingatia.

Kosa jingine ni kusoma maelezo ya mwenye gari ukidhani ni ya mkaguzi. Karatasi ina sehemu ya sifa alizoandika aliyelipeleka mnadani, na sehemu ya mkaguzi wa mnada. Huyo wa pili ndiye unayemtafuta. Huna haja ya kujua Kijapani, linganisha maumbo tu:

修復歴 有 : lina historia ya ajali ya muundo
走行不明 : kilomita hazijulikani
メーター交換 : mita imebadilishwa
冠水 : limeingia maji
改 : limebadilishwa, alama hii ikifuata kodi ya modeli, mabadiliko yamesajiliwa serikalini

Baada ya hapo hakikisha karatasi yenyewe ni ya kweli. Zipo huduma mtandaoni zinazotafuta rekodi za minada kwa namba ya chasisi kwa malipo madogo. Ichague wewe, usitumie kiungo alichokupa muuzaji. Matokeo yakija na mauzo mawili ya chasisi ileile, moja likiwa na kilomita 131,000 miaka mitano kabla ya lile la 74,000, hapo huna la kumuuliza tena.

Halafu omba cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, tunachokiita ekspoti setifiketi. Kinatolewa na serikali ya Japani na kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa mwisho na ule wa kabla yake. Ukaguzi huo ni kila miaka miwili baada ya ule wa kwanza wa miaka mitatu, kwa hiyo ukiwa na namba mbili na tarehe mbili unaona mwendo wa gari kwa mwaka. Muuzaji aliyeliingiza gari mwenyewe lazima nakala anayo, maana forodha haipitishi gari bila cheti hicho.

---

Zuhura_Boksa

Nakubaliana na kaka MtazamaMnada, ila naongeza jambo la kabla ya yote hayo: hakikisha ni STI. Nusu ya Impreza zenye beji ya STI mjini zina beji tu.

Kodi za modeli ni hizi. GRB ni STI ya mlango wa nyuma, GVB ni sedani yake, zote gia sita na injini EJ207 ya cc 1994, farasi 308 kwa kipimo cha Kijapani. GRF na GVF ni A-Line: otomatiki ya gia tano, injini ya cc 2457. Ni STI pia, ila ni gari tofauti kabisa kuliendesha na kuliuza tena. GH8 ni S-GT, turbo ya lita mbili lakini siyo STI. Kwa za 2014 kwenda juu, VAB ni STI na VAG ni S4 yenye otomatiki ya CVT. Muuzaji anayeita VAG "STI otomatiki" labda hajui anachouza, labda anajua vizuri sana. Kwako hasara ni ileile.

Kwenye ekspoti setifiketi injini huandikwa EJ20 na ujazo 1.99, A-Line ni EJ25 na 2.45. Namba ya chasisi ya gari la soko la Japani ni fupi, inaanza na kodi yenyewe, GRB kisha kistari kisha tarakimu. Isome kwenye kibati cha chumba cha injini na ile iliyogongwa kwenye bodi, zote mbili, kwa tochi. Rivet mpya kwenye kibati cha zamani ni sababu ya kuondoka.

Pale yadini bila kufungua chochote: bodi ya GRB ina upana wa milimita 1795, ya GH8 ni 1740. Mashavu ya STI yametuna, huwezi kuyakosea ukiyaona yamesimama pamoja. Nati za tairi za GRB ni tano kwenye duara la milimita 114.3, za S-GT ni tano kwa 100. Fundi tairi yeyote atakupimia kwa dakika mbili. Kalipa za Brembo ni pistoni nne mbele na mbili nyuma, diski ya mbele milimita 326. Rangi ya dhahabu au nyekundu kwenye kalipa ya kawaida hununuliwa kwa kopo. Karibu na gia kuna kitufe cha difu ya katikati, DCCD. Kigeuze ukiwa umewasha gari, taa zake kwenye dashibodi zinapaswa kuhama.

Na angalia vibandiko vya Kijapani. Kwenye fremu ya mlango wa dereva huwa kuna cha kubadilisha oili chenye tarehe na kilomita, kwenye chumba cha injini cha mkanda wa taimingi. Kibandiko cha mkanda kinachosema 98,000 ndani ya gari la 74,000 kinatosha. Vikiwa vyote vimebanduliwa na gundi bado ipo, jiulize nani alihangaika kuvibandua na kwa nini.

---

FundiWaKeko

Hiyo ya "kufungua plagi kunavuruga injini" nimecheka. Plagi za boksa (injini ya Subaru, silinda zake zimelala) ziko ubavuni, ni kazi ya kubana mkono, lakini hubadilishwa kila siku. Anachoogopa ni matokeo.

EJ ya turbo inakufa kwa njia tatu kubwa. Kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, mara nyingi silinda ya nne, kwa sababu ya mlipuko wa mapema wa mafuta (noki). Metali (beringi) za konrodi huliwa kwa oili kushuka au kuwa nyepesi. Na gasketi ya silinda hedi hupitisha. Zote tatu zinaweza kufichwa kwa wiki mbili, ila si kwa vipimo hivi.

Fika asubuhi, mwambie asiliwashe kabla yako. Gusa injini, ikiwa ya moto keshajua unakuja kutafuta nini. Washa, sikiliza. Pistoni kugonga kidogo ikiwa baridi kisha kunyamaza inavumilika. Kugonga kunakobaki ikiwa moto, hasa kati ya mizunguko 2,500 na 3,500 unapoachia mafuta taratibu, ni metali. Vuta kijiti cha oili: ikiwa nzito kama asali, wamemimina 20W-50 kuficha sauti. Kiwango chake ni 5W-30 au 5W-40.

Kompresheni: injini ipate moto kamili, betri nzima, kata mafuta, toa plagi zote nne, kanyaga pedali mpaka mwisho, zungusha mpaka sindano isimame. Andika namba nne. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, usinunue mpaka ujue sababu. Lakini kompresheni peke yake inadanganya; pistoni yenye ufa mdogo inaweza kutoa namba nzuri ikiwa na oili nyingi ukutani. Fanya na kipimo cha kuvuja: sukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda ambayo pistoni yake imefika mwisho wa juu, soma asilimia inayopotea. Zaidi ya 20 ni injini ya kufungua. Sikiliza inatokea wapi: kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu, mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Presha ya oili pima kwa geji ya fundi, injini ikiwa nyuzi 80 hivi: bar 1 ikiwa silensa (bila kukanyaga mafuta), na isipungue bar 3 kwenye mizunguko 5,000. Akikubali, badilisha filta ya oili kwa gharama yako, ikate ile ya zamani, ufungue karatasi yake juani. Ming'aro ya rangi ya shaba ni metali zinazokwisha. Filta ni hela ndogo sana ukilinganisha na injini.

Kompyuta. Mashine nyingi za mtaani zinasoma kodi za makosa tu, na hizo zinafutika kwa dakika moja. Tafuta mwenye kebo ya Tactrix Openport 2.0 na programu ya RomRaider, ambayo ni ya bure. Inasoma thamani inayoitwa IAM, yaani kompyuta inaiamini taimingi kwa kiasi gani. Kwenye GRB inatakiwa 1.0. Ikishuka chini ya hapo gari linanoki, na noki ndiyo inayokula pistoni. Liendeshe kilomita 20 au 30, na mlima wenye mzigo ndani yake, kabla ya kusoma, kwa sababu betri ikivuliwa jana hesabu zinaanza upya na utasoma kitu kisicho na maana. Kuzunguka mtaa hakutoshi.

Tazama pia nyaya. Gari la mwendo limepita mikononi mwa vijana wa kule kama la kwetu. Matundu ya skrubu kwenye nguzo ya dirisha la dereva yalikuwa ya geji. Nyaya zilizokatwa na kufungwa kwa tepu chini ya usukani zilikuwa za turbo taima au kidhibiti cha presha. Mabadiliko yenyewe si dhambi. Swali ni kompyuta ilipangwa upya kwa hayo mabadiliko au walirudisha vifaa vya kiwandani haraka ili lipite mnadani. Muulize muuzaji. Anayejua magari atakuwa na jibu. Anayeuza tu atasema "liko poa".

Bodi ipimwe kwa kipima unene wa rangi. Ya kiwandani huwa kati ya maikroni 80 na 150 hivi. Zaidi ya 300 kuna puti chini. Pima nguzo na kingo za milango, boneti haina siri.

---

Gia_Sita

Nimeshukuru sana wakuu, na wewe dada Zuhura. Nimemwomba karatasi nzima, anasema atanitumia "kesho". Namba ya chasisi amenipa.

Upande wa hela je? Anasema kodi atalipa yeye, bei ni moja imejumlisha kila kitu. Na gari lina namba tayari, T … DXX, ingawa anasema halijatembea Bongo.

---

Forodhani77

Hapo kwenye namba umejijibu mwenyewe. Namba D haikutoka jana. Gari lenye namba D limesajiliwa nchini siku nyingi na mtu alikuwa analiendesha. Omba kadi ya gari, angalia jina la mmiliki na tarehe ya usajili. Jina likiwa la mtu wa tatu, huyo ndiye anayepaswa kusaini mkataba mbele ya wakili, au dalali awe na hati ya uwakilishi. Kuwa na namba D si ubaya, ubaya ni kusema halijatembea.

Kwa oda, "bei moja imejumlisha kila kitu" ni mahali pa kujifichia. Muuzaji anayeaminika anakuvunjia: bei ya nyundo mnadani kwa yeni, ada ya mnada, usafiri wa ndani Japani, ada yake, meli na bima, kisha kodi za TRA, bandari, wakala wa forodha, usajili. Faida yake aiandike wazi, hakuna anayefanya kazi bure.

Kodi unaweza kuikagua kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, kipo mtandaoni. Thamani wanayotumia ni ya kwao, hata ankara yako ikisema vingine. Kwa mfano wa namba nyepesi, thamani ikiwa dola 10,000: ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500, jumla 12,500. Ushuru wa bidhaa kwa cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5 ya hiyo, yaani 625. Gari la zaidi ya miaka kumi linaongezwa asilimia 30 ya uchakavu, 3,750. VAT asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla yote, 16,875, nayo ni kama 3,037. Hujafika kwenye tozo ya reli na ada ya forodha. Viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo kokotoa upya siku ya kuagiza.

Angalia hapo jambo alilogusia dada Zuhura: GVB ni cc 1994, inalipa asilimia 5. A-Line ni cc 2457, inalipa 10. Ukimuuliza muuzaji ushuru wa GVB na wa GVF akakupa namba moja, hajawahi kuingiza hata moja kati ya hizo.

Akaunti ya jina la mtu, hapana. Hakuna mjadala. Ukiagiza, hela iende kwa kampuni ya Japani kwa uhamisho wa benki, jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na jina la kwenye ankara ya awali. Kampuni ya kule ina namba ya usajili ya tarakimu 13 inayotafutika kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya Japani, na leseni ya kuuza vitu vilivyotumika yenye tarakimu 12. Angalia pia kama imo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wao. Ukipata barua pepe katikati ya safari kwamba akaunti imebadilika, usilipe. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Wezi huingia hapo hata kama muuzaji wako ni msafi.

Hati ya shehena ya meli, BL, iandikwe jina lako kama mpokeaji. Watu wengi hawalijui hili. Ikiwa na jina la muuzaji, gari likitua Dar kisheria ni lake, na wewe ni mtu uliyemkopesha hela. Kodi ilipe mwenyewe: wakala akishaandaa TANSAD (tamko la forodha), inatoka kumbukumbu namba ya malipo, unaipeleka benki. Usimpe mtu taslimu ya kodi "akalipie".

Kampuni ya hapa itafute BRELA kwa jina. Malipo yoyote kwake yatoke na risiti ya EFD ya kiasi kamili, kisha ihakiki kwenye verify.tra.go.tz. Akikwambia risiti ya milioni 20 kwa gari la milioni 45 ili "tupunguze kodi", siku ya mgogoro umelipa milioni 20.

Mkataba utaje namba ya chasisi, si "Subaru STI ya bluu". Kwa oda ambayo chasisi bado haipo, utaje kodi ya modeli, daraja la chini unalokubali, kilomita za juu, na kwamba R na RA hazihusiki. Utaje pia hela inarudi lini gari lisipopatikana. Wengi wenye kuaminika huchukua kiasi cha kushiriki mnada tu kwanza, na kilichobaki baada ya gari kununuliwa na wewe kuiona karatasi. Asilimia 60 kabla ya gari lolote kuwepo ni mtaji wa biashara yake.

---

Gofu_R_ya_Ulaya

Kwa atakayepita hapa akitafuta Golf GTI au R za Uingereza: kule ni rahisi zaidi. Historia ya MOT (ukaguzi wao wa gari wa kila mwaka) iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali yao, unaingiza namba ya usajili tu, inakuja na kilomita (kwa maili, zidisha 1.609) za kila mwaka na kasoro zilizoandikwa. Muuzaji anayekuficha namba ya usajili ya Uingereza hana sababu nzuri hata moja.

Kuhusu cheti cha ukaguzi wa ubora wa magari yanayoingia nchini: ni cha usalama wa barabarani, breki, taa, tairi, kutu. Hakisemi lolote juu ya ringi wala metali. Wauzaji hukitandaza mezani kama cheti cha injini.

---

Zuhura_Boksa

Na mifuko ya hewa jamani. Impreza za miaka hiyo ziliitwa na kiwanda kwa sababu ya inflata (kipuliza mfuko) mbovu za Takata. Ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya Subaru ya Japani, sehemu ya magari yaliyoitwa, utaona kama kazi ilifanyika. Kuanzia 2018 kule gari lenye inflata hatari ambayo haijabadilishwa linazuiwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo baadhi yao yanaishia mnadani kwa bei ya chini.

Fundi, swali dogo. Petroli yetu haifiki oktani 100 ambayo GRB ilipangiwa. IAM si itashuka hata kwa gari zima?

---

FundiWaKeko

Inaweza kushuka, ndiyo, ukilikanyaga. Ndiyo maana kipimo cha kuvuja kinakwenda pamoja nayo. IAM imeshuka na uvujaji ni asilimia 6 au 8 kwa silinda zote: injini ni nzima, inahitaji kupangiwa kompyuta kwa mafuta ya hapa, weka gharama hiyo kwenye bei. IAM imeshuka na silinda ya nne inavuja 25: imeshachelewa.

Nimependa swali hilo lenyewe kama kipimo cha muuzaji. Muulize, "Hili limepangiwa mafuta gani?" Anayeuza STI na hajawahi kusikia habari ya oktani 100, wateja wake wa nyuma tumewaona kwenye magereji.

---

Gia_Sita

Mrejesho. Karatasi haijaja. Nimetafuta chasisi mwenyewe: USS, 2017, daraja RA, kilomita 112,000, XX boneti na fenda zote mbili. Na gari ni GRF. Ina gia sita sasa hivi.

---

MtazamaMnada

Basi hiyo ni A-Line iliyohamishiwa gia boksi, na kadi itakuwa inasema cc 2457. Umepata jibu la ile milioni sita. Kwa sedani weka maombi kwa mtu mwingine, na masharti ya Forodhani77 yaandikwe kabla ya shilingi ya kwanza.